Niache kazi ili niwe wa Kristo kabisa?

Shikamoo Baba Mchungaji. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mwanza. Nimelelewa KKKT, kanisa la Kilutheri, na kipaimara nilipata huko kwetu Ukerewe, lakini kusema kweli wokovu niliupata ukubwani, kwenye mkutano wa injili uwanja wa Furahisha. Tangu hapo nasali na kikundi cha maombi kinachokutana nyumbani kwa mtumishi mmoja hapa mtaani kwetu. Jumapili bado naenda usharikani, ila moyo wangu uko kwenye kikundi. Sitaki usome barua hii ukadhani nakisema vibaya. Nilipofika pale nilikuwa nimepoteza mimba na nilikuwa silali. Wale akina mama walinibeba. Waliniombea, walinipikia, walinifulia.

Shida imeanza mwaka huu. Mtumishi ameingia kwenye somo la kuwa mali ya Kristo asilimia mia. Anasimamia Luka 14:33, kwamba asiyeacha vyote alivyo navyo hawezi kuwa mwanafunzi wa Yesu. Anasema wengi wetu ni Wakristo wa mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Mtu aliyejitoa mzima hana udhuru wa mkesha, na mikesha sasa ni mitatu kwa wiki. Hana hesabu na Mungu kwenye fedha. Na akiitwa, anaacha kazi ya dunia anakuja kukaa madhabahuni. Wenzetu wawili tayari wameacha kazi, mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye ajira ya serikali. Kwangu mimi mtumishi ametabiri mbele ya wote kwamba mwaka huu hautaisha nikiwa bado dukani.

Mume wangu ni Mkatoliki, fundi wa magari. Hanipigi, halewi, ada za watoto analipa. Lakini mikesha imemchosha. Juzi nilirudi alfajiri nikamkuta ameshawaandaa watoto kwenda shule, akaniuliza, "Hivi umeolewa na mimi au na yule mtumishi?" Nikanyamaza. Kwenye mfungo wa siku 40 tuliambiwa tusikaribiane na waume zetu ili tusichafue madhabahu. Mume wangu hakuelewa na mimi sikumweleza. Mtumishi anasema nimefungwa nira na asiyeamini, na kwamba saa inakuja nitachagua.

Mama yangu yuko Ukerewe, ana sukari na presha. Kila mwezi nilikuwa namtumia hela ya dawa. Nilipoweka ahadi ya mishahara ya miezi mitatu kwa ajili ya madhabahu, nimesimama kumtumia, mdogo wangu ndiye anahangaika naye. Nilipomwambia mtumishi roho inaniuma, alijibu kwamba Mungu atamtunza mama yako vizuri kuliko wewe.

Kazi yangu ni karani wa mauzo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Siyo kazi mbaya. Bosi ananiamini, ananiachia hadi funguo. Yapo mambo ya risiti, si unajua biashara, mteja anaulizwa na risiti au bila risiti, na wengine wanaandikiwa pungufu, lakini hayo ni ya bosi mwenyewe. Siyo hayo yanayonisumbua. Kinachonisumbua ni kwamba nikibaki nahisi namnyima Kristo, na nikiondoka sijui watoto watakula nini, maana gereji nayo ina miezi ya njaa. Usiku naamka na jasho nikifikiria siku ile ataniambia, "Sikukujua." Nataka kuwa wake wote, Baba. Sitaki kubakiza kitu. Nifanyeje?

Mama wa wawili, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu. Amina, asifiwe sana.

Pole kwa mimba iliyotoka. Naona umeitaja kwa sentensi moja na kupita, lakini mimi nimesimama hapo kidogo. Wale akina mama waliokufulia nguo walifanya kazi ya Kristo, na lolote nitakalosema mbele lisikufanye uwasahau.

Nianze na hofu yako ya usiku, kwa sababu mengine yote yameota juu yake. Fungua Mathayo 7 usome taratibu uone Yesu anawaambia nani "Sikuwajua ninyi kamwe." Wanaoambiwa hivyo si watu waliokosa mkesha. Wanakuja wakijitetea kwamba walitoa unabii kwa jina lake, walitoa pepo kwa jina lake, walifanya miujiza mingi kwa jina lake. Kwa lugha ya siku hizi, ni watu wa madhabahuni. Na anawataja kuwa ni watu watendao maovu. Andiko lile linatisha kweli, lakini halimtishi mama aliyebaki nyumbani kumwogesha mtoto mwenye homa.

Sasa rudi Ukerewe, siku ya kipaimara chako. Mlisimama mbele ya usharika mkiwa mmekariri Katekisimo Ndogo, na katika maelezo ya sehemu ya pili ya imani ulitamka kwa kinywa chako kwamba Yesu Kristo alikukomboa, si kwa dhahabu wala fedha bali kwa damu yake, ili uwe wake. Pengine ulikuwa unawaza gauni jeupe na wali wa mchana, sikulaumu. Lakini maneno yale ni ya Martin Luther, ameyaandika 1529, na huyu mtu kabla ya hapo alikuwa mtawa. Aliingia utawani kule Erfurt mwaka 1505 akitafuta hicho hicho unachokitafuta wewe. Alifunga, alikesha, aliungama mpaka waungamishi wake wakachoka naye. Hakupata amani. Baadaye alioa, akalea watoto, akafundisha kwamba mtumishi wa ndani anayefagia nyumba kwa imani anamtumikia Mungu sawa na mtawa anayeimba zaburi. Hakuyasema hayo kwa uvivu wa kuomba, maana mikesha aliijua kuliko mtumishi wenu.

Ninachotaka ukione hapo ni nani amefanya kazi ya kukufanya uwe wa Kristo. Paulo anasema, "tu mali ya Bwana," wala haongezi asilimia. Kitu kikishalipiwa kimelipiwa. Huwezi kuwa wa Kristo asilimia 70 ukawa unasubiri mikesha ikujazie 30. Kinachowezekana ni mtu kuwa wa Kristo mzima mzima na huku anaishi kama vile sehemu fulani ya maisha yake haijaambiwa habari hiyo. Huo ndio ugonjwa wa kweli, na nitaurudia, maana nimeuona kwenye barua yako mahali ambapo wewe hukuuona.

Lakini kwanza Luka 14:33. Sitalilainisha. Yesu amesema, na amemaanisha: hakuna kitu chako ambacho mwanafunzi anaweza kukishika na kumwambia Bwana, hiki usiguse. Wapo walioacha nyavu ufukweni wakamfuata, wapo hata leo wanaoacha kazi wakaenda, na kanisa lingekuwa maskini bila wao. Swali ni nani anaamua nani aache nini. Katika Luka 8 yupo mtu aliyetolewa pepo kule ng'ambo ya ziwa, akamsihi Yesu afuatane naye. Alikuwa tayari kuacha kila kitu, na alikuwa na sababu kuliko wewe. Yesu alimkatalia. "Rudi nyumbani kwako, ukahubiri yalivyo makuu Mungu aliyokutendea." Mtu yule hakuwa nusu mwanafunzi kwa kurudi kwake. Alitii. Na Petro naye, aliyeacha nyavu, tunamkuta kwenye Marko 1 nyumbani kwake, mkwewe ana homa, Yesu anamponya. Miaka mingi baadaye Paulo anataja, kama jambo linalojulikana, kwamba Kefa, ndiye huyo Petro, anasafiri na mkewe. Kuacha vyote hakukumfanya amtelekeze mke.

Basi tuje kwa mumeo. Mwanangu, swali lake la alfajiri lilistahili jibu. Umeandika kwamba ulinyamaza, na kwenye mfungo vilevile hukumweleza. Paulo alilijua jambo hili kabla yetu. Katika 1 Wakorintho 7 anawaandikia watu waliookoka na kuwaka moto, waliodhani utakatifu ni kulala chumba kingine, anawaambia, "Msinyimane isipokuwa mmepatana kwa muda, ili mpate faragha kwa kusali, mkajiane tena." Angalia anavyodai. Hata sala inahitaji mpatane. Mfungo wa siku 40 ambao mumeo hakuulizwa, kwa kipimo cha Paulo, umevunja agizo kwanza ndipo ukaanza kuomba. Na hilo la kusema ndoa inachafua madhabahu, mimi silijui linatoka ukurasa gani wa Biblia.

Nira na asiyeamini? Mumeo amebatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Kanisa letu na la kwake tuna tofauti, wala si ndogo, lakini huwezi kumweka mtu huyo kundi la wapagani kwa sababu hatoki usiku. Tena hata angekuwa hamjui Mungu kabisa, sura hiyo hiyo ya saba inasema akikubali kukaa nawe usimwache. Atakayekuambia saa inakuja ya kuchagua kati ya Yesu na baba wa watoto wako anayewaandaa kwenda shule wakati wewe uko mkeshani, mwulize kwa adabu andiko.

Kwa mama yako nitakuwa mkali, na unaruhusiwa kunikasirikia. Yesu aliwahi kukutana na somo hilihili la mtumishi wenu. Marko 7. Walikuwepo watu wa dini waliofundisha kwamba mtu akitangaza mali yake kuwa korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, basi hawajibiki tena kumsaidia nayo baba au mama. Ilionekana ibada kubwa. Nani atabishana na sadaka? Yesu aliita hiyo kulitangua neno la Mungu kwa mapokeo. Hakusema waliotoa walikosea kiwango. Maana yake, sadaka iliyopita juu ya mzazi mwenye shida haikumfikia Mungu kama walivyodhani. Na Paulo anamwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani.

Halafu nenda Golgotha. Yohana 19. Pale msalabani ndipo Mwana alipojitoa mzima kwa Baba yake. Hakuna kujitoa kuliko kule. Na katika saa hiyo, akiwa hana pumzi ya kupoteza, anampangia mama yake mahali pa kukaa. Anamwonyesha mwanafunzi, "Tazama, mama yako." Hakusema Baba wa mbinguni atamtunza vizuri kuliko mimi, ingawa kama yupo aliyekuwa na haki ya kusema hivyo ni yeye.

Kwa hiyo ukifika hapa weka gazeti chini, mtumie mama hela ya dawa, kisha urudi tuendelee. Sukari haisubiri mwisho wa ahadi.

Sasa nakuja kwenye sentensi uliyoipitia mbio. "Yapo mambo ya risiti, si unajua biashara." Ndiyo, najua. Nimejenga nyumba, nimenunua saruji na nondo, nimeulizwa "na risiti au bila risiti, Mchungaji?" kama mtu anavyouliza chai ya maziwa au ya rangi. Watu wamezoea hadi hawaoni kwamba pana swali la dini pale.

Lakini tazama jinsi barua yako ilivyokaa. Uko tayari kumpa Kristo usingizi wako, mshahara wako, ndoa yako, dawa za mama yako, hata kazi yenyewe. Umemwaga kila kitu mezani. Halafu kuna kitu kimoja umekiweka pembeni na kusema "hayo ni ya bosi, siyo yanayonisumbua." Mkono unaobonyeza ile mashine ya risiti ni wa nani? Tulishakubaliana kwamba ulilipiwa. Mkono nao umo. Mteja anatoa laki tano, wewe unaandika laki mbili, na kinachopotea pale katikati ni kodi ambayo mteja ameilipa au alipaswa kuilipa, ya zahanati na ya shule ambako watoto wako wanasoma. Mithali 11 inaanza hivi: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA." Duka la vifaa vya ujenzi linaifahamu mizani. Risiti pungufu ni mizani hiyo hiyo, imebadilisha umbo.

Na hapa mtumishi wenu amenishangaza kuliko kwenye mikesha. Mwaka mzima wa somo la kujitoa asilimia mia, na hajawahi kumwuliza karani wa duka anaandika nini kwenye risiti. Yohana Mbatizaji aliulizwa na watoza ushuru, "Tufanye nini?" Hakuwaambia waache kazi waje kukaa naye jangwani, na jangwa lilikuwepo, nafasi tele. Aliwaambia, "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Askari naye akaambiwa asimdhulumu mtu na atosheke na mshahara wake. Toba aliyoidai iliingia kwenye hesabu za mezani.

Hili si jambo geni kwetu Afrika Mashariki. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda, ukaingia Bukoba na Kenya, ulijulikana kwa nyimbo na machozi, lakini majirani wasioamini waliushangaa kwa kitu kingine: watu walianza kurudisha vitu. Walirudisha walivyoiba kwa waajiri, walilipa madeni ambayo mdai mwenyewe alishayasahau, waliungama mambo ambayo hakuna aliyekuwa anayachunguza. Wazee wa uamsho niliowafahamu nikiwa kijana walikuwa na kero zao, walikuwa wepesi kuhukumu kofia na viatu vya watu, lakini ukimpa mmoja wao fedha akushikie ulikuwa unalala usingizi. Wakristo wa namna hiyo tunawahitaji nyuma ya kaunta kuliko tunavyohitaji mkesha wa nne.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwenye kichwa cha barua: usiache kazi kwa sababu umetabiriwa. Acha kuandika uongo. Na hilo la pili ni gumu kuliko la kwanza, sikufichi. Ukiacha kazi kikundi kitakupigia makofi. Ukikataa kuandika risiti pungufu hakuna atakayekupigia makofi, bosi atakununia, na kuna uwezekano ukaipoteza kazi hiyo hiyo.

Ndiyo maana ukae na mumeo kabla hujafungua kinywa dukani. Gharama hii italipwa na nyumba nzima, na yeye ndiye atakayebeba miezi ya njaa ya gereji. Mwombe radhi kwa kunyamaza kule, halafu mweleze habari ya risiti kama ilivyo. Nina hisia kwamba fundi huyu atakuelewa haraka kuliko unavyotegemea. Mtu anayeshinda chini ya magari ya watu anajua tofauti ya fundi aliyebadilisha kifaa na fundi aliyekipaka rangi akasema ni kipya. Wekeni akiba kidogo mkiweza. Tafuta kimyakimya nafasi mahali pengine, si dhambi.

Kisha mwone bosi akiwa peke yake, si mbele ya wateja wala vijana wa stoo. Usimhubirie. Mwambie kwamba umemfanyia kazi kwa uaminifu, funguo zake ziko salama, na kwa uaminifu huo huo kiasi utakachopokea mkononi ndicho utakachoandika. Mwambie pia, akitaka kusikia, kwamba sheria inambana muuzaji asiyetoa risiti na mnunuzi asiyeidai, na siku watu wa kodi wa TRA wakiingia mlangoni jina litakaloulizwa kwanza ni la aliyekuwa kwenye mashine. Anaweza kukuhamishia stoo, na huko shukuru Mungu uhesabu misumari. Anaweza kukuondoa. Anaweza pia kukuheshimu. Mwenye duka anayeibia serikali bado hataki karani atakayemwibia yeye, na ameshaona wewe ni wa aina gani. Siwezi kukuahidi litakalotokea. Likitokea la kuondolewa, utakuwa umeondoka kwa ajili ya Kristo kweli, na mtumishi atasimama mbele ya kikundi kusema utabiri wake umetimia. Mwache aseme.

Juu ya mtumishi mwenyewe. Sijui moyo wake, na mtu anaweza kuongoza vibaya akiwa na nia njema. Lakini andiko analohitaji kulisikia liko kwenye sura ile ile ya saba ya 1 Wakorintho ambayo nimekuchosha nayo: "Mlinunuliwa kwa thamani; msiwe watumwa wa wanadamu." Paulo anatoa hitimisho ambalo viongozi wa dini hatulipendi sana. Kwa kuwa wewe ni wa Kristo kabisa, hakuna mwanadamu anayeweza kukumiliki, mimi nikiwemo. Wakristo Wakikuyu wa uamsho walilijua hilo wakati wa hali ya hatari Kenya, iliyotangazwa Oktoba 1952. Waliletewa kiapo cha Mau Mau wakakataa, wakisema wameshainywa damu ya Yesu na hawawezi kunywa nyingine juu yake. Wapo waliopigwa na wapo waliouawa. Na serikali ya kikoloni ilipowataka washike bunduki upande wake, wengi wao walikataa pia. Kila upande uliwaona wasaliti. Waliokuwa wa Kristo hawakuwa wa mtu mwingine yeyote, na huo ulikuwa uhuru wa gharama.

Sasa pima: tangu somo hili lianze umekuwa huru zaidi au unaogopa zaidi? Unamwambia mumeo mambo mengi zaidi, au machache? Mtumishi akikosea, kuna mtu kikundini anayeweza kumwambia? Kuhusu utabiri, Paulo anasema tusitweze unabii, na pumzi hiyo hiyo anasema tujaribu mambo yote. Kuujaribu si kuukufuru.

Ahadi ya mishahara mitatu nenda ukaiongee waziwazi. Usitoroke kikundi wala usianze kukwepa simu. Mwambie mtumishi: niliahidi kitu ambacho kilikuwa tayari cha mama yangu, sikuwa na haki ya kukiahidi, nitakachotoa kitatoka kwenye ninachoweza, baada ya dawa, na baada ya kupatana na mume wangu. Kama ni mchungaji wa kweli atafurahi. Akikulaani, basi swali la kama ubaki pale litakuwa limejijibu lenyewe, na laana isiyo na sababu, Mithali 26 inasema, haimpati mtu.

Mikesha sikukatazi. Muulize mumeo kama Ijumaa moja kwa mwezi inamfaa, na ikiwezekana mwombe akusindikize. Na kabla ya hayo yote, Jumapili hii baada ya ibada usikimbilie daladala. Mwone mchungaji wa usharika wako, au mama mmoja mzee wa Umoja wa Wanawake ambaye unamwamini, umweleze habari ya ile mimba. Nimeona tangu mwanzo kwamba bado haijazungumzwa mpaka mwisho wake, na nadhani mengi ya mwaka huu yalianzia pale.